UMEIFUTA LAKINI HAIJAFUTIKA!

Wiki hii tunashughulikia kimeo kinachowatoa jasho mafundi wengi wa mtaani: umeifuta MySQL, unaiinstoli upya, inagoma.

Chukulia hivi. Msimu wa alizeti umepamba moto. Mnunuzi mmoja ana kompyuta yake ya mezani, na ndani mna databesi ya wakulima wa Ikungi na Iramba: nani kaleta magunia mangapi, nani kalipwa, nani bado anadai. Umeme unakatika ghafla. Ukirudi, seva haiwaki. Fundi anaitwa, anaifuta MySQL, anainstoli upya, inaganda palepale kwenye kuwasha seva. Anarudia mara ya pili, ya tatu, wapi! Mwisho anasema, "Mzee, dawa ya hii ni kupiga Windows mpya."

Ebo! Hapo ndipo kasheshe linapoanza. Diski ikisafishwa, hesabu yote kwaheri, na wakulima watakuja dukani kila mtu na hesabu yake kichwani.

Sikiliza. Ukiifuta MySQL kwenye Control Panel, mara nyingi unaondoa programu tu. Data inabaki kwenye folda iliyofichwa, C:\ProgramData\MySQL, ambayo huioni mpaka uiambie Windows ionyeshe vilivyofichwa. Humo ndani kuna folda inaitwa Data. Hiyo ndiyo mali! Hakikisha seva imezimwa, kisha inakili kwenye flashi kabla hujagusa kingine. Folda nzima, nasema, maana kuna mafaili ya nje kama ibdata1 ambayo databesi haziamki bila hayo.

Sasa turudi kwenye kugoma. Mara nyingi mchawi ni masalia. Huduma ya zamani, tuseme MySQL80, bado imeandikishwa ndani ya Windows, na mgeni anataka jina hilohilo. Fungua CMD kama administreta, andika sc delete MySQL80. Halafu ile folda ya Data ibadilishe jina, usiifute. Ukiiacha ilivyo, seva mpya inaikuta Data ileile iliyoumizwa na umeme, nayo inalala. Au inawaka lakini inadai paswedi ya zamani, wewe unaipa mpya. Hata ulie.

Kuna na ugomvi wa mlango 3306. Kama mtu aliwahi kuweka XAMPP humo, ndani yake mna MariaDB, nayo hukalia mlango huohuo. Hawa ni ndugu kweli: Michael Widenius aliipa MySQL jina la binti yake, My, na MariaDB jina la mdogo wake, Maria. Andika netstat -ano uone nani kakaa hapo, umzime, au mpe mwingine 3307.

Kuna faili lenye mkia wa .err ndani ya Data. Lisome! Mistari ya mwisho yenye neno ERROR inakutajia ugonjwa, lakini mafundi wetu wanaliruka, wanakimbilia kufuta. Sijui haraka ya nini.

Seva mpya ikishawaka, izime, irudishie Data ya zamani mahali pake, kisha iwashe. Toleo liwe lilelile, 8.0 kwa 8.0, na paswedi ni ile ya zamani. Ikigoma kwa sababu ya mafaili yaliyoumia, ongeza innodb_force_recovery=1 kwenye my.ini chini ya [mysqld], ujaribu tena, ukipanda namba mojamoja. Kuanzia 4 inaweza kuharibu data moja kwa moja, kwa hiyo ile ya kwenye flashi isiguswe kabisa. Ikiwaka tu, kabla hujashangilia, toa nakala kwa mysqldump.

Na bei ya UPS mtajie mzee wa alizeti kabla hujamtajia ya kwako.