Wahusika kwanza, manyoya baadaye

Mwandishi wa makala, nakubaliana nawe kuhusu vinyago vya filamu za kutisha, ila hadithi yenyewe umeipita haraka mno. Chukua filamu ya Dog Soldiers ya Neil Marshall (2002). Askari wachache wa Uingereza wako mazoezini milimani Scotland, wanashambuliwa na watu wanaogeuka mbwa mwitu, wanajifungia katika nyumba moja msituni kusubiri kuche. Risasi zinapungua, madirisha yanavunjwa. Kubaki mahali pamoja kunawaokolea watengenezaji fedha, na hofu inazidi kwa sababu hakuna pa kukimbilia. Wanyama ni waigizaji waliovaa mavazi, nao wanaonyeshwa kidogo kidogo: ukucha, meno, kivuli mlangoni.

Lakini kilichonishika hasa ni askari wenyewe. Mwanzoni wanalalamika kuikosa mechi ya England na Ujerumani. Baadaye Sajenti Wells anararuliwa tumbo, na mwenzake analibandika kwa gundi. Unaumia naye kwa kuwa umeshamzoea. Hata filamu ya Ginger Snaps ya Kanada (2000) imebebwa zaidi na upendo wa dada wawili kuliko damu. Vijana mnaoandika filamu za kutisha, tafadhali anzeni na watu.