Tusiionee Haya Rangi ya Udongo

Chama chetu kinatafuta rangi ya maleba ya mchezo wa mwaka ujao. Wengi wanataka buluu inayometameta. Mimi nasema tuchague kahawia.

Najua mtacheka. Ati hiyo ni rangi ya matope, na matope ya Dagoretti yametutosha! Lakini jameni, anayeicheka rangi ya udongo anamcheka pia mama anayeuza viazi sokoni, mikono imejaa udongo huo huo.

Hebu tutazame Japani. Katika enzi ya Edo (1603–1868), serikali iliwakataza raia wa kawaida kuvaa mavazi ya fahari. Je, walikunja mikono? La hasha! Mafundi walibuni aina tele za kahawia na kijivu, kila moja na jina lake. Kahawia wao huiita chairo, yaani rangi ya chai, kama sisi tulivyoipa yetu jina la kahawa. Aina moja ilipewa jina la Ichikawa Danjuro, jina la ukoo wa waigizaji mashuhuri wa kabuki. Mpaka leo wabunifu wa Japani huzitumia rangi hizo za kale.

Isitoshe, sisi si maskini wa rangi hii. Kiswahili kina kahawia, hudhurungi na maji ya kunde. Jirani zetu Waganda hubandua gome la mti uitwao mutuba na kuliponda kwa nyundo za mbao hadi liwe kitambaa cha hudhurungi. Mwaka wa 2005, UNESCO iliitangaza kazi hiyo kuwa urithi wa binadamu, na siku hizi wabunifu hushonea mikoba na magauni.

Kisha kuna pesa. Nguo za kumetameta tutazikodi. Kwa kahawia, tutanunua mashuka meupe ya pamba, ya mitumba, pale Kawangware, tuyachemshe kwa majani mengi ya chai. Kazi kwisha!

Wapo wasemao kwamba kahawia haionekani vizuri kutoka viti vya nyuma. Hoja hiyo ina uzito. Basi tuitie mapindo meupe, itaonekana.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Wenzangu, siku ya kura ikifika, inueni mikono kwa kahawia!