MAZUTU YA BARABARA NI MALI YA RAIA

Wandugu wafanyakazi wa migodi, na ninyi wenyeji wa miji yetu,

Kila mwaka tunasikia neno moja: barabara imeharibika kwa sababu feza hakuna. Hatukatai kama feza ni kidogo na inchi yetu ni kubwa. Ofisi ya Barabara, iliyoanzishwa na serikali mwaka 1971, ina kilomita zaidi ya 58,000 za kutunza. Lakini tunasema waziwazi: hata feza inapotoka, barabara inaweza kufa njiani, kati ya magazini na shimo la kuziba.

Tufikiri namna kazi ile inavyofanywa. Lami haitoki Katanga. Inatoka ng'ambo, inashuka Matadi ao Dar es Salaam, inapanda treni ao kamyo, inapita mipaka na karatasi za duane, mpaka ifike kwetu. Huku mvua inaanza Oktoba ao Novemba, inakwisha Aprili. Basi miezi ya kazi ni Mei mpaka Septemba tu. Kama karatasi ya kununua inalala juu ya meza ya mukubwa mpaka Julai, lami itafika pamoja na mvua. Wafanyakazi wamekwisha kuchimba, wamemwaga changarawe na kuishindilia, lakini hakuna cha kuifunika. Mvua kubwa inakuja, na yote inakwenda mtoni. Mwaka unaofuata tunalipa tena kazi ile ile.

Tena mashini. Greda ni ya bei kubwa sana, lakini inalala kwa kukosa kisu chake ao filtre moja. Na kama mashini zilitoka kwa mataifa mbalimbali, kila moja na piesi zake, hakuna magazini inayoweza kuziweka zote. Ndipo mashini moja inafunguliwa ili kuponya nyingine. Ni kama kumvua mtoto shati ili kumvika ndugu yake: siku zote mmoja atakaa uchi.

Na mazutu? Inapimwa inapoingia depo. Lakini nani anapima kilomita zilizolinganishwa nayo? Litre inayouzwa usiku kando ya njia ni mita za barabara zilizoibiwa. Hatutaji mutu. Tunauliza hesabu tu.

Ninyi wa migodi mnajua jambo hili kuliko sisi tunaoandika. Baruti inahesabiwa moja moja. Anayeichukua anatia mkono kwenye karatasi, na inayobaki inarudi magazini. Kwa nini? Kwa sababu ikipotea, watu watakufa. Je, barabara haiui? Mama mwenye uchungu wa kuzaa, aliyekwama katika matope, anakufa vilevile. Mahindi yanaoza vijijini, nasi mjini tunanunua unga wa Zambia. Bei inapanda, na mshahara wako unakwisha mbele ya mwisho wa mwezi.

Wengine wanasema: wakati wa Wabelgiji barabara zilikuwa nzuri. Wamesahau nani alizilipa kwa mgongo wake. Wanakijiji walilazimishwa kukata njia na kuzitunza, na fimbo ilikuwa karibu. Hatutaki kurudi kule. Uhuru wa 30 Juni 1960 maana yake ni hii: raia hatoi tena mgongo, anatoa kodi. Na anayetoa kodi ana haki ya kuona hesabu.

Kodi inatolewa. Sheria ya mwaka 2008 ilianzisha FONER, mfuko wa kutunza barabara. Anayenunua esansi ao mazutu analipa sehemu yake, na kwenye peaji analipa tena. Mwaka ule ule serikali ilipatana na kampuni za China: shaba na kobalti ya Kolwezi kwa barabara na majengo, na mwaka 2009 hesabu ya kazi hizo iliwekwa dola milioni 3,000. Februari 2023 wakaguzi wa feza za serikali (IGF) walitangaza kama dola milioni 822 tu ndizo zilizotolewa kwa kazi hizo. Mwaka 2024 mapatano yalifanywa upya, na hesabu ikapandishwa mpaka dola milioni 7,000. Ni vizuri. Lakini ndoo iliyotoboka haijai, hata ukiitia mto mzima.

Basi tunadai mambo manne.

Kwanza, lami na piesi zinunuliwe wakati mvua ingali inanyesha, ili jua la kwanza likute depo imejaa.

Pili, kwenye mlango wa kila depo uwekwe ubao: mazutu iliyoingia, iliyotoka, na kilomita zilizofanywa. Kila mutu asome.

Tatu, mashini ziwe za aina chache, na piesi zinunuliwe pamoja nazo.

Nne, kantonye anayesafisha mitaro alipwe kila mwezi bila kukosa. Maji yakikosa mtaro yatachukua barabara, na anayelala njaa ni rahisi kumshawishi auze mazutu.

Haya hayangoji wafazili wala mabilioni mapya. Yanangoja karatasi, kalamu na macho ya raia. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na sisi tumejenga ukuta ule ule mara nyingi mno.

Wandugu, mkipita mbele ya depo, ulizeni ubao uko wapi. Ulizeni kwa heshima, lakini ulizeni kila siku. Shaba yetu inashuka Kasumbalesa mchana na usiku. Nasi tunataka njia ya kurudi nyumbani.