Walikula wote, Sosa akaachiwa vyombo

Nimekuwa kimya wiki mbili hizi, mtanisamehe, mitihani ya katikati ya muhula ilinikaba koo. Leo nimepata upenyo na nina jambo linanikereketa. Lenyewe ni la besiboli. Najua wengine mshaanza kuguna... ngojeni kwanza, mwisho wake unatuhusu wote tuliowahi kukaa darasani.

Mie nakaa hosteli katika jimbo la Illinois, yaani katikati kabisa ya ugomvi. Ukienda kaskazini unafika Chicago, kwa Cubs. Ukishuka kusini magharibi ukavuka mto Mississippi unaingia St. Louis, kwa Cardinals. Miji hii imeachana kama kilomita 480, na timu hizi ziko ligi moja tangu 1892. Chukua Simba na Yanga, halafu zikutanishe zaidi ya mara kumi kila mwaka, mara nyingi siku tatu mfululizo. Pata picha!

Sasa, mwenzangu wa chumbani ni wa Chicago. Jamaa wa chumba cha pili ni wa St. Louis. Wiki iliyopita mwenzangu karudi kutoka kwao na shati la Cubs namba 21, mgongoni limeandikwa SOSA. Ni la baba yake. Anasema mzee alilitia kwenye boksi na kulisukumia stoo, likakaa humo karibu miaka ishirini. Yule wa St. Louis alipoliona akacheka: "Umevaa shati la tapeli." Mwenzangu akauliza, "Na wa kwenu alikuwa nani, malaika?" Zikaanza kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Mwisho wakanigeukia mie Mbongo, eti kwa kuwa sina timu, nitoe hukumu.

Nikaomba wiki moja. Nimesoma, nimeangalia mechi za zamani usiku badala ya kulala. Hukumu yangu ndiyo hii.

Kwanza kwa wasiojua mchezo. Mrushaji anarusha mpira, mpigaji anausubiri na gongo (la mbao, si lile la kunywa, kwi kwi kwi). Akiupiga ukapaa na kuvuka uzio wa mwisho, hiyo ndiyo homrani, na anazunguka besi zote nne kwa raha zake. Msimu mzima una mechi 162, na ukipiga homrani 40 wewe ni mtu mkubwa. Mwaka 1927 Babe Ruth alipiga 60. Mwaka 1961 Roger Maris akapiga 61. Baada ya hapo miaka 37 ikapita bila mtu kuzifikia.

Halafu ukaja mwaka 1998.

Ili uelewe 1998 lazima uanzie 1994. Mwaka huo wachezaji waligoma mwezi Agosti, wakabishana na wenye timu juu ya hela, na fainali za mwaka mzima zikafutwa. Mashabiki walikasirika. Mchezo uliporudi 1995 viti vingi vilikuwa vitupu. Wenye timu walikuwa wanatafuta dawa ya kuwarudisha watu. Neno dawa nimelichagua makusudi.

Dawa ikapatikana kwa watu wawili. Mark McGwire wa Cardinals, jitu la miraba minne, alianza kupiga homrani tangu mechi ya kwanza. Sammy Sosa wa Cubs, mtoto wa San Pedro de Macorís kule Jamhuri ya Dominika, aliyewahi kung'arisha viatu mitaani ili nyumbani wale, alianza polepole. Ila mwezi Juni peke yake alipiga 20. Ishirini kwa mwezi mmoja! Hakuna aliyewahi kufanya hivyo, kabla yake wala baada yake.

Agosti 19 timu zao zikakutana Wrigley Field, Chicago, wote wawili wana 47. Hii mechi nimeiangalia mara mbili. Sosa anapiga ya 48, kwa mara ya kwanza anaongoza, uwanja unataka kupasuka. Haijapita hata saa moja, McGwire anapiga ya 48. Mechi inakwenda muda wa ziada, McGwire anapiga ya 49 na Cardinals wanashinda 8 kwa 6. Mwenzangu anasema baba yake alikuwepo uwanjani na alirudi nyumbani hana sauti, amefungwa lakini anacheka.

Septemba wakarudiana St. Louis. Tarehe 7 McGwire akafikisha 61. Tarehe 8 akapiga ya 62, na cha kuchekesha ni kwamba ilikuwa homrani yake fupi kuliko zote za mwaka ule, futi 341 tu. Kwa furaha akapitiliza besi ya kwanza bila kuikanyaga, ikabidi arudi! Akaenda kuwakumbatia watoto wa marehemu Maris waliokuwa jukwaani. Na Sosa, mpinzani wake, timu yake iko uwanjani, akakimbia kutoka upande wa kulia kuja kumkumbatia. Jamani, Simba na Yanga mnaweza hilo?

Siku tano baadaye Sosa naye akafikisha 62. Septemba 25 akatangulia kufika 66, akaongoza kwa muda usiofika saa moja, McGwire akamfikia siku hiyo hiyo, kisha siku mbili za mwisho akaongeza nne. Mwisho 70 kwa 66. Mpira wa homrani ya 70 ulinunuliwa kwa dola zipatazo milioni 3. Mpira mmoja! Viwanja vikajaa, televisheni zikafurahi, wakubwa wakasema besiboli imeokolewa.

Sasa tuje kwenye uchungu.

Agosti ile ile ya 1998 mwandishi mmoja wa habari aliona chupa ya androstenedione kwenye kabati la McGwire. Ni kitu kinachoongeza homoni za misuli. Wakati ule kiliuzwa dukani na besiboli haikuwa imekikataza, ingawa michezo ya Olimpiki ilikuwa imeshakikataza. Unajua kilichotokea? Wengi walimshukia mwandishi! Kwa nini achungulie kabati la watu? Wachezaji hawakuwa wanapimwa steroidi kabisa. Kupima kulianza 2003, na adhabu mwaka uliofuata. Yaani wenye mchezo walikuwa na macho, wakaamua kuangalia pembeni kwa sababu fedha ilikuwa inaingia.

Mwaka 2005 wote wawili waliitwa mbele ya Bunge la Marekani. McGwire akakataa kuzungumzia yaliyopita. Taarifa ya Sosa, iliyosomwa na mwanasheria wake, ikakana. Januari 2010 McGwire akakiri kwamba alitumia steroidi, hata mwaka ule wa 1998, na akampigia simu mjane wa Maris kumwomba radhi. Sosa hakukiri. Mwaka 2009 gazeti la New York Times liliandika kuwa jina lake lilikuwemo kati ya waliokutwa na dawa kwenye vipimo vya 2003, vilivyotakiwa kubaki siri. Tena mwaka huo huo wa 2003 gongo lake lilivunjika mchezoni likakutwa limejazwa koki ndani, akafungiwa mechi 7. Kwa hiyo sisemi Sosa ni mtakatifu. Hapana.

Ninachosema ni hiki: angalieni hesabu ilivyogawanywa.

McGwire alikiri, na mwaka huo huo wa 2010 akaanza kazi ya kufundisha wapigaji wa Cardinals. Mwaka 2017 wakamweka kwenye ukumbi wao wa mashujaa. Bud Selig, kamishna aliyeongoza besiboli miaka yote ile bila vipimo, mwaka 2017 aliingizwa ukumbi mkuu wa mashujaa kule Cooperstown. Sosa, mwenye homrani 545 akiwa na Cubs kuliko mchezaji yeyote wa klabu hiyo, mtu pekee aliyepiga 60 au zaidi katika misimu mitatu, aliondoka baada ya msimu wa 2004 na akawekwa nje ya mlango. Mwaka 2018 mwenye timu alisema hadharani kuwa wachezaji wa enzi ile wanapaswa kuwa wakweli. Sawa kabisa. Lakini klabu iliyouza tiketi na mashati ya namba 21, yenyewe itakuwa mkweli lini? Nani alirudisha hela?

Desemba 2024 Sosa akaandika kwamba alifanya makosa akitafuta kupona majeraha katika msimu mrefu, akaomba radhi, huku akisema hakuvunja sheria. Januari 2025 akakaribishwa mkutano wa mashabiki wa Cubs, na mwaka huo akaingizwa ukumbi wa mashujaa wa klabu. Ndipo mzee wa mwenzangu akaenda stoo kutoa shati.

Jamaa wa St. Louis ana hoja moja nzito, na siwezi kuiruka. Anasema: "Na wale ambao hawakutumia?" Kweli. Kuna vijana waliokataa sindano wakarudishwa ligi za chini, majina yao hatuyajui na hakuna atakayewaandikia shati. Hao ndio walioibiwa hasa. Mie nakubali. Ila hao hawakuibiwa na Sosa peke yake. Waliibiwa na kila aliyeona na akanyamaza kwa kuwa tamasha lilikuwa tamu, mpaka sisi mashabiki.

Hapa ndipo mada inaponichoma, wadau. Niwaambie kitu ambacho sijamwambia mtu.

Muhula uliopita tulikuwa kundi la watu watano kwenye kazi moja. Mmoja wetu, Kiingereza chake kama changu tu, alileta sehemu yake imeandikwa vizuri kupita kiasi. Wote tuliona. Mie niliona! Hakuna aliyeuliza, maana alama zilikuwa zinanukia. Mhadhiri akagundua ni desa la mtu mwingine, limenakiliwa zima zima. Alipotuita, wanne tukasema kwa sauti moja: hatukujua. Mwenzetu akapewa sifuri peke yake, sisi tukaruhusiwa kurudia sehemu ile. Tangu siku hiyo akituona kantini anabeba sahani yake anakwenda kula mbali. Na sisi, tena mie nikiwa mbele, tulikuwa tunamsema kwamba angalau angetuomba radhi...

Umeona? Mie ndiye Selig. Sikudesa, ila nilikula alama kwa macho yaliyofumbwa, halafu nikadai kuombwa radhi.

Kwa hiyo hukumu yangu kwa majirani ni hii. Moja, shati livaliwe. Furaha ya Agosti 19 ilikuwa ya kweli kwa aliyekuwepo, na huwezi kumrudisha mzee wa watu nyuma ukamwambia hakucheka. Mbili, anayelivaa asidanganye. Akiulizwa aseme yote, homrani 66, gongo la koki, na ile barua ya Desemba. Tatu, namba zibaki vitabuni kama zilivyo, lakini kwenye kila maelezo ya 1998 waandikwe na walionyamaza. Radhi ya Sosa imekuja, imechelewa na haijanyooka sana. Ya wakubwa bado tunaisubiri.

Wa St. Louis kasema nimependelea. Wa Chicago kasema nimependelea upande wa pili. Nadhani nimepatia!

Kilichobaki ni changu. Yule mwenzetu anakaa ghorofa ya tatu. Jioni hii nitapanda nimgongee mlango, nimwambie niliona na nikanyamaza. Barua pepe kwa mhadhiri nimeshaiandika, imekaa tu haijatumwa, mkono unatetemeka. Mniombee.

Haya, nyie mngehukumuje? Semeni bila kuoneana haya. Naomba kuwasilisha.