Akhwari Hakwenda Mexico Kuchechemea

Asubuhi ya tarehe 15 Septemba, 2025, wananchi waliokuwa wakingoja magari ya Dar es Salaam hapa Picha ya Ndege, Kibaha, walikuwa na furaha isiyo ya kawaida kwa siku ya Jumatatu. Usiku wa kuamkia asubuhi hiyo, kwa saa za kwetu, Alphonce Simbu alikuwa ameshinda mbio za marathoni za Mashindano ya Dunia ya Riadha mjini Tokyo. Alitumia saa 2, dakika 9 na sekunde 48, akamtangulia Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu tatu tu za mia za sekunde moja. Tangu mashindano hayo yaanzishwe mwaka 1983, Tanzania ilikuwa haijapata kutwaa dhahabu hata moja.

Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, nilimwamkia shikamoo. Baada ya kuitikia marahaba aliniambia, "Mwanangu, Mungu amemjalia kijana yule." Nikaitikia kwa adabu, kama ipasavyo mbele ya mtu aliyenizidi umri na elimu. Lakini moyoni nilikataa, na leo naomba kueleza sababu.

Kumshukuru Mungu ni wajibu. Hata hivyo, kauli hiyo imekuwa kichaka cha kuficha uzembe wetu. Simbu alikuwa wa tano katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Mwaka 2017 alipata medali ya shaba ya dunia mjini London, mwaka 2022 medali ya fedha katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Birmingham, na Aprili 2025 alikuwa wa pili huko Boston. Hiyo ni miaka tisa ya kukaribia. Anayeita jambo hilo bahati anamdhulumu mtu jasho lake.

Kichaka cha pili ni kibaya zaidi, kwa sababu tumekipamba kwa jina la mtu mwema. Kila timu yetu inaporudi mikono mitupu husimama msemaji akatukumbusha habari za John Stephen Akhwari. Sote tunaijua: Mexico, Oktoba 1968, Akhwari anaanguka njiani, goti linaumia, linafungwa bandeji, anaingia uwanjani giza likiwa limetanda, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda, naye anamaliza wa 57, yaani wa mwisho. Walimu tunawafundisha watoto kisa hicho, nacho kinastahili kufundishwa. Wanariadha 18 kati ya 75 walioanza siku ile hawakumaliza.

Lakini ni wangapi kati yetu tunaofundisha nusu ya pili ya kisa hicho? Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, Akhwari huyo huyo alikimbia marathoni na kuwa mtu wa tano. Hakuwa msindikizaji. Alikuwa miongoni mwa wakimbiaji hodari wa zama zake, aliyekwenda Mexico kushindana akapatwa na ajali. Sisi tumeikumbatia bandeji yake tukaisahau miguu yake. Tumemfanya mlezi wa walioshindwa, ili kila atakayeshindwa bila kujiandaa aseme naye ametimiza alichotumwa na nchi. Sioni heshima yoyote kwa Akhwari katika jambo hilo.

Tuache Mexico, twende Christchurch, New Zealand. Tarehe 2 Februari, 1974, Filbert Bayi, kijana wa miaka 20 kutoka Karatu, alishika uongozi wa mbio za mita 1500 tangu mwanzo na hakuuachia tena. Wakati ule mabingwa walizoea kuviziana hadi mzunguko wa mwisho. Bayi hakumvizia mtu. Nyuma yake walikuwamo John Walker wa New Zealand, aliyekuwa akikimbia mbele ya watu wake, na Ben Jipcho wa Kenya, na wote wawili hawakumfikia. Saa ilionyesha dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi mpya ya dunia. Rekodi hiyo ilibaki kuwa ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kwa miaka 48, mpaka ilipovunjwa Birmingham mwaka 2022. Mwaka 1976 Bayi hakwenda Montreal, kwa kuwa nchi yetu pamoja na nyingine za Afrika zilisusia Olimpiki ile kupinga ziara ya timu ya raga ya New Zealand katika Afrika Kusini ya makaburu. Ilikuwa haki kususia, nayo gharama ililipwa na vijana. Mwaka 1980 mjini Moscow alipata medali ya fedha katika mita 3000 za kuruka viunzi na maji, naye Suleiman Nyambui akapata fedha katika mita 5000 nyuma ya Miruts Yifter. Hadi Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024, Tanzania haikuwa imepata medali nyingine ya Olimpiki zaidi ya hizo mbili.

Sasa naomba msomaji aangalie jambo ambalo halisemwi. Medali hizo zote za Bayi na Nyambui zilipatikana ndani ya uwanja, katika mbio za kuzunguka. Katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, tulipeleka wanariadha watatu, na wote walikuwa wa marathoni. Paris tulipeleka wanne wa riadha, na wote wanne walikuwa wa marathoni. Hakuna Mtanzania aliyekimbia mita 1500 wala 5000. Hakuna aliyerusha mkuki, wala tufe, wala aliyeruka chini. Nchi iliyohesabu watu wapatao milioni 17.5 mwaka 1978 ilikuwa na watu wa kuweka uwanjani. Nchi iliyohesabu milioni 61.7 mwaka 2022 inategemea barabara.

Sababu si ngumu kuiona. Marathoni mtu aweza kujifunza peke yake, kwa barabara ya vumbi, viatu na moyo. Mbio za uwanjani haziwezekani hivyo. Zinahitaji njia iliyopimwa, mwalimu mwenye saa, na wenzako wa kukimbizana nao ungali mdogo. Vitu hivyo vitatu mahali pake ni shuleni. Na shuleni ndipo tulipoharibu.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo ya UMITASHUMTA na UMISSETA ilisimamishwa kwa miaka kadhaa kwa hoja kwamba inavuruga masomo. Mtoto wa miaka 12 wa wakati ule ndiye aliyepaswa kuwa mkimbiaji aliyepevuka miaka kumi na zaidi baadaye. Michezo ilirudishwa, lakini uwanja haukurudi. Naijua shule moja, ambayo sitaitaja, ambako wanangu walisoma. Upande mmoja wa uwanja wake umeliwa na vibanda vya biashara, upande wa pili na nyumba ya mtu aliyeonyesha karatasi zenye mihuri yote. Kilichobaki hakitoshi mita 100 za moja kwa moja. Kipindi cha michezo kimo katika ratiba, kimeandikwa kwa mwandiko mzuri, na saa hiyo watoto wako darasani wakifanya majaribio ya mtihani.

Nitajibiwa kwamba nchi ni maskini. Burundi ilipata dhahabu ya mita 5000 kwa miguu ya Vénuste Niyongabo huko Atlanta mwaka 1996, ikiwa katikati ya vita. Joshua Cheptegei wa Uganda alipata dhahabu ya mita 5000 Tokyo na ya mita 10,000 Paris. Hao si matajiri kutuzidi. Nitajibiwa pia kwamba mzazi anataka mtihani, hataki mbio. Ajibiwe hapa hapa Kibaha: aende Mkuza akasome jina lililo kwenye lango la shule ya Filbert Bayi. Aliyevunja rekodi ya dunia ndiye aliyejenga madarasa.

Kwa hiyo siwalaumu wanariadha, na leo siwalaumu hata viongozi wa msafara, ingawa kupanda ndege wanakupenda mno. Nawalaumu wenzangu tulio maofisini na madarasani. Afisa anayeweka sahihi kwenye kiwanja kilichomegwa kutoka shuleni ana jina na ana dawati. Mwalimu mkuu anayenyamaza naye ana jina. Mjumbe wa kamati ya shule anayesinzia hadi soda zifike ni mmoja wetu.

Kamati ya shule yetu itakutana mwisho wa mwezi. Nimeomba kwa maandishi ramani ya kiwanja cha shule iwekwe mezani, na nitakwenda na kamba ya kupimia ya mita hamsini.