Cheti cha fundi nacho kinahitaji alama ya ubora

Mfanyabiashara anayevusha sabuni au unga pale Namanga anajua thamani ya alama ya ubora. Mzigo wenye alama ya TBS, KEBS au UNBS haupaswi kupimwa upya upande wa pili, kwa sababu sheria ya viwango ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2006 inazitaka nchi wanachama kutambua alama za wenzao. Utekelezaji una kasoro zake, na ninyi mnaokaa foleni mnazijua kuliko mimi. Lakini msingi upo.

Fundi aliyechomelea tela la lori lililobeba sabuni hiyo hana msingi wa namna hiyo. Akivuka na cheti chake cha VETA kwenda kutafuta kazi Kenya, au na cheti cha NITA kwenda Tanzania, mara nyingi mwajiri hukitazama, hukirudisha, kisha humlipa kama kibarua.

Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazungumzia kutambuliana sifa za elimu na taaluma. Wahasibu na wasanifu majengo walitia saini makubaliano yao mwaka 2011, wahandisi wakafuata mwaka 2012. Fundi magari, fundi umeme, fundi friji na mshonaji bado wanasubiri, ingawa ndio wengi zaidi na ndio tunaokutana nao kila siku.

Wengi hudhani dawa ni viongozi kutia saini karatasi nyingine. Kwa maoni yangu, saini bila uaminifu haitamsaidia fundi. Mwajiri wa Kampala hakatai cheti cha Mwanza kwa kuichukia Mwanza. Hajui nani alimpima kijana huyo, kwa vifaa gani, na kama aliyempima ndiye aliyemfundisha na kupokea ada yake. Kinyozi hajinyoi, na chuo hakiwezi kujipa alama chenyewe kikaaminiwa ng'ambo ya mpaka.

Hapo ndipo inapoingia kazi ambayo vijana wachache wanaifikiria: mhakiki wa nje wa ubora wa sifa za ufundi. Huyu hafundishi wala hatungi mtihani. Anatumwa na bodi inayotoa cheti kwenda kituoni kuchukua sampuli ya kazi za wanafunzi, kuangalia upimaji ukifanyika, kukagua karakana na kuwahoji wanafunzi. Kisha anaandika ripoti. Akikuta kijana amepewa alama za kufunga injini ambayo hajawahi kuigusa, anashauri vyeti visitolewe mpaka kasoro irekebishwe.

Njia ya kuifikia inaanzia karakana. Kwanza uwe fundi kweli, mwenye cheti na miaka ya kazi. Kisha usomee upimaji wa umahiri, uwe mpimaji, halafu mhakiki wa ndani anayelinganisha alama za wapimaji wenzake. Ndipo utoke nje. Nchini Kenya, mfumo wa TVET CDACC tayari unatofautisha ngazi hizo za mpimaji, mhakiki wa ndani na mhakiki wa nje. Anayeanza ajue kuwa mara nyingi malipo ni ya mkataba, kwa ziara, hivyo asiache karakana yake mapema. Ajue pia kuwa hawezi kukihakiki kituo anachofundisha au chenye masilahi yake, na kwamba bahasha ya "nauli" kutoka kwa mkuu wa chuo ndiyo mwisho wa jina lake.

Mfanyabiashara anaweza kuuliza: yananihusu nini? Samaki wako wakiharibika kwa sababu fundi friji alibahatisha gesi, hasara ni yako. Lori likilala Rusumo kwa breki zilizofungwa vibaya, mteja hasubiri. Na mwanao aliyesomea umeme Arusha akilipwa nusu ya anachostahili Nairobi, ada uliyolipa imepotea nusu.

Ninachopendekeza hakihitaji taasisi mpya. Bodi za nchi zetu zibadilishane wahakiki: wa Uganda aende kukagua kituo cha Tanzania, wa Tanzania aende Rwanda, na ripoti zisomwe pande zote mbili. Zianze na fani chache zinazovuka mpaka kila siku, kama magari, umeme, majokofu na uchomeleaji. Milango hiyo iwe wazi kwa mafundi waliobobea, wakiwemo waliojifunzia gereji na kurasimishiwa ujuzi wao, isibaki kwa walimu wa vyuo pekee.

Vyama vya wafanyabiashara vya mipakani vina sauti. Vinapokutana na maofisa wa Jumuiya kudai mizigo ipite, vidai pia fundi apite na cheti chake. Anayemuuliza mchuuzi wa unga "alama iko wapi?" ana haki pia ya kuuliza, "fundi huyu alipimwa na nani, na mpimaji huyo alikaguliwa na nani?"