Nauli ya Merti Haikutajwa

Umeandika katika makala yako, ndugu yangu, kwamba wanachama wa vyama vya wafanyakazi hapa Isiolo walisita kuchanjwa dhidi ya Korona kwa kusikiliza uvumi. Uvumi ulikuwepo, sikatai. Lakini hebu toka Merti, kilomita 200 hivi za vumbi, uje mjini, kisha uniambie kilichokulemea zaidi ni uvumi au nauli.

Agosti 2021 Mkuu wa Utumishi wa Umma, Joseph Kinyua, aliwapa watumishi wa serikali hadi tarehe 23 wawe wamepata dozi ya kwanza, la sivyo waadhibiwe. Na chanjo ya AstraZeneca ilikuwa dozi mbili, yaani safari mbili. Tarehe ya mwisho ilitajwa. Gari la kuwafikisha kwenye sindano halikutajwa.

Unavishutumu vyama kwa kukaa kimya. Kimya kipi? Desemba 2020 madaktari waligoma wakidai vifaa vya kujikinga na bima ya afya, majuma mawili tu baada ya kumpoteza mwenzao wa miaka 28 aliyekufa kwa Korona akiwa hajalipwa mshahara kwa miezi. Wakaitwa wakorofi.

Na mfugaji wa Garbatulla, asiye na chama wala barua ya ajira? Makala yako haikumkumbuka hata kwa lawama.